Je, wajua kwa nini injini ya boti inaharibika ikiwa imekaa tu bila kufanya kazi?

Hizi injini ndogo za boti, za hospawa 2 mpaka 8, zile unazifunga nyuma ya boti na kukaza kwa mkono, zikifanya kazi kila siku zinadumu miaka na miaka. Lakini iweke stoo misimu miwili mitatu, afu njoo uvute kamba, utavuta mpaka bega liume na haitakohoa hata mara moja. Hapo ndo watu wengi wanasema imechoka, imekufa, bora iende chuma chakavu, na mi roho inaniuma kabisa nikisikia hivyo kwa sababu mara nyingi ukiifungua unakuta pistoni nzima, ringi nzima, silinda inang'aa. Haikuchoka na kazi, imeharibiwa na kukaa.

Sasa kukaa kunaharibuje chuma?

Kwanza ujue kwamba ukielewa injini moja ya hivi umeelewa karibu zote. Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwe aliyehamia Marekani, alianza kuuza za kwake mwaka 1909 huko Milwaukee, silinda moja, hospawa 1.5, na mpangilio ni huu huu wa leo: flaiwili, lile gurudumu zito la chuma, juu kichwani, shafti ndefu inashuka ndani ya mguu, gia chini zinageuza mzunguko kwenda kwa propela. Nyingi za zamani ni tustroki, yaani haina sampu, ile bakuli ya kutunzia oili chini ya injini, oili unaichanganya mwenyewe kwenye petroli na ndo hiyo hiyo inalainisha kila kitu ndani. Shika hilo la oili kuwa ndani ya petroli, tutalirudia.

Mkosaji wa kwanza ni petroli yenyewe. Petroli sio kitu kimoja, ni vimiminika vingi vimechanganyika, vingine vyepesi vinaruka haraka na vingine vizito. Unapozima injini, kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, inabaki na mafuta kidogo kwenye kibakuli chake, na kile kibakuli kina tundu la hewa, kwahiyo vile vyepesi vinaondoka taratibu wiki hadi wiki, vinabaki vizito pamoja na oili, vinakuwa gundi ya rangi ya kahawia ambayo ukiifungua inanuka kama vanishi iliyooza. Na kama petroli ilikuwa na ethanoli ni mbaya zaidi maana ethanoli inavuta unyevu wa hewani, unyevu ukizidi kiasi vinajitenga na petroli vinashuka chini, na chini ndo jeti, kale katundu kanakopima mafuta yanayoingia kwenye injini, inaponyonyea. Hapo utakuta na unga mweupe umeota ndani ya bakuli.

Jeti ni kipande cha shaba kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, na tundu lake halifiki hata milimita 1. Kuna injini moja ya silinda moja nilikaa nayo jioni nzima, nikaitoa ile jeti nikaiinua dirishani, giza tupu, hakuna mwanga unaopita. Nikailoweka usiku kucha kwenye dawa ya kusafishia kabureta, asubuhi nikaona kanukta kamoja ka mwanga pembeni. Watu wengi wanaishia hapo, mwanga si unapita? Hapana, loweka tena, pitisha uzi mmoja wa waya laini wa shaba, puliza, angalia tena, mpaka uone duara kamili lisilo na kona. Usitumie sindano wala kichwa cha drili, tundu likitanuka hata kidogo vipimo vya mafuta vimeharibika na hakuna kuvirudisha, itabidi utafute jeti nyingine.

Naisisitiza hii kwa sababu jeti iliyoziba nusu ni hatari kuliko iliyoziba yote. Ikiziba yote injini haiwaki, basi, hamna hasara. Ikiziba nusu injini inawaka, unafurahi, unaenda nayo majini, kumbe inapata mafuta kidogo na hewa nyingi, joto linapanda, na kumbuka oili iko ndani ya hayo hayo mafuta, kwahiyo inapata na oili kidogo kwa wakati mmoja. Hivyo ndo injini nzima kabisa inanoki, yaani inakwama na kufa ndani, siku ya kwanza baada ya kufufuliwa, na mtu anaondoka akiamini ilikuwa imechoka.

Mkosaji wa pili yuko chini ya flaiwili. Nyingi za zamani hazina betri, sumaku zilizo kwenye flaiwili zinapita mbele ya koili zinazalisha umeme, afu kuna pointi, vichuma viwili vinagusana na kuachana, na pale vinapoachana ndo koili inarusha umeme wa maelfu ya volti kwenye plagi. Injini ikifanya kazi kila siku zile pointi zinajisafisha zenyewe kwa kugongana. Ikikaa, hewa yenye unyevu inaziwekea utando mwembamba sana, saa ingine huuoni kwa macho, lakini umeme unaopita kwenye pointi una volti ndogo tu, hauna nguvu ya kuutoboa. Basi plagi haina moto.

Kuzifikia lazima utoe flaiwili, na flaiwili imekaa kwenye shafti iliyochongoka, imebana haswa. Tumia pula, kile kifaa cha kuivutia nje. Usipige nyundo kwenye ncha ya shafti, hiyo nyundo inafika mpaka kwenye kranki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, na beringi. Ukitoa angalia na kile kipini kidogo cha pembeni ya shafti kinacholinganisha flaiwili, kama kimekatika nusu moto utatoka lakini kwa wakati usio wake, na utahangaika na kabureta wiki nzima bure. Pointi zisugue kidogo kwa msasa laini, afu, na hapa ndo watu wanakosea, pitisha karatasi safi yenye spiriti katikati yake mara kadhaa mpaka itoke haina alama, kwa sababu vumbi la msasa lenyewe linazuia umeme kama ule utando tu. Nafasi ya pointi kwa nyingi za zamani ni karibu milimita 0.5, ila fuata kitabu cha injini yako. Halafu toa plagi, iegemeze kwenye chuma kisafi cha injini, mbali na petroli yoyote, vuta kamba: unataka cheche ya bluu yenye mlio, ile ya njano nyembamba haitoshi.

Na hii ndo njia ya haraka ya kujua uanzie wapi. Vuta kamba mara kadhaa, toa plagi uiangalie mdomo. Kavu kabisa, mafuta hayafiki, nenda kwa kabureta. Imelowa, mafuta yanafika, shida kubwa iko kwenye moto. Kabla ya hayo yote lakini fungua ile skrubu ya hewa kwenye kifuniko cha tenki, maana ikifungwa tenki linanyonya mpaka linashindwa, injini inawaka dakika chache inazima.

Maji nayo. Ndani ya mguu kuna impela, kigurudumu cha mpira chenye mapanga kinachopandisha maji ya kupoza injini. Kimewekwa kwenye nyumba ambayo haiko katikati, upande mmoja mapanga yamekunjwa na mwingine yamenyooka, na ndo kunyooka na kukunjika huko kunakovuta maji. Sasa kikikaa miaka bila kuzunguka, mapanga yaliyokunjwa yanasahau kunyooka, mpira unakuwa mgumu. Usibahatishe, weka mpya. Na usiwashe injini nje ya maji eti sekunde chache tu nisikie mlio, maji yale yale ndo yanalainisha impela, bila maji inajisaga.

Giaboksi ni fupi: fungua skrubu ya chini, oili ikitoka nyeupe kama maziwa basi maji yameingia, badilisha sili. Ukijaza oili mpya jazia tundu la chini mpaka itokee la juu, ukijaza kwa juu hewa inabaki ndani.

Bolti zilizogoma usizilazimishe. Ni chuma ndani ya aluminiamu, na chumvi imezishikanisha. Baada ya kutoa mafuta yote na kila kinachoshika moto, ipashe joto ile aluminiamu inayoizunguka bolti, inatanuka karibu mara mbili ya chuma, afu rudisha bolti mbele na nyuma kidogo kidogo. Bolti ikikatika ndani umejipa kazi ya siku mbili.

Siku ya kuijaribu iweke kwenye pipa la maji, nje penye hewa kwa sababu moshi wake unaua, maji yapite juu ya matundu ya kunyonyea. Oili ya kuchanganya, kama injini yako inataka 50 kwa 1 hiyo ni mililita 20 kwa kila lita ya petroli, kama inataka 25 kwa 1 ni mililita 40, na nyingi za zamani zinataka zaidi ya za sasa, kwahiyo tafuta kibao au kitabu kabla hujamwaga. Ikiwaka usiangalie kitu kingine, angalia kale katundu ka pembeni kanakotoa maji, kama kapo. Yasipotoka upesi zima. Yakitoka, weka kidole, yawe ya uvuguvugu tu.

Na ukimaliza kuitumia usiirudishe stoo ilivyo. Chomoa mpira wa mafuta, iache iendelee kunguruma ndani ya maji safi mpaka ile petroli ya kwenye kabureta iishe na izime yenyewe, afu isimamishe wima mpaka mguu uache kudondosha maji.