Kurushwa mubashara si kubuni papo hapo

Watazamaji wengi wa Saturday Night Live, kipindi cha vichekesho kinachorushwa mubashara kutoka New York tangu 1975, hudhani waigizaji hujitungia maneno palepale jukwaani. Sivyo. Jumanne waandishi hukesha wakitunga. Jumatano michezo yote husomwa mezani, na mingi huachwa. Jumamosi saa 2 usiku hufanyika mazoezi kamili mbele ya watazamaji, kisha mtayarishaji Lorne Michaels hupunguza tena kabla ya saa 5:30, kipindi kinapoanza. Maneno hubadilishwa hadi dakika za mwisho. Ndiyo maana macho ya mwigizaji huchepuka pembeni ya kamera: anasoma kadi kubwa zilizoandikwa kwa mkono. Kusoma maneno mapya na bado ukachekesha, kwangu huo ni ufundi mkubwa kweli.