Mihuri mitano, cheti hakuna: nani hasa anasajili vizazi na vifo?

Nilikaa nyuma ya dawati la usajili wilayani kwa miaka kadhaa, na hata sasa nimeshaacha kazi hiyo watu bado wananipigia na swali lile lile: "Cheti cha kuzaliwa nakifuata kwa nani?" Anayeuliza huwa keshazunguka. Mwenyekiti wa mtaa kampa barua. Kwa DC kaambiwa si hapa, nenda mlango wa pili. Mkononi ana bahasha ya kaki iliyojaa mihuri, na hakuna hata mmoja kati ya hiyo uliomsajili mtoto.

Nazungumzia Tanzania Bara. Zanzibar wana utaratibu wao, nitaugusa huko mbele.

Kwanza neno lenyewe. Kwenye lugha ya usajili, "kizazi" ni tukio la mtoto kuzaliwa, basi. Nimewahi kuulizwa na kijana wa chuo kama ofisi ya vizazi na vifo inatunza kumbukumbu za ukoo. Haitunzi. Inatunza tukio moja moja: nani kazaliwa, lini, wapi, kwa mama gani na baba gani, nani kafa, lini, wapi, kwa sababu gani. Sheria inayosimamia kazi hii chimbuko lake ni mwaka 1920, na leo inajulikana kama Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108.

Kwa sheria hiyo kila wilaya ina Msajili wa Wilaya, na kofia hiyo huvaliwa na Katibu Tawala wa Wilaya, yule tunayemwita DAS. Hapo ndipo watu wanapopotea. Mkuu wa Wilaya si msajili, ingawa ofisi ya usajili mara nyingi iko ndani ya jengo lake na watu wote husema "naenda kwa DC". Mkurugenzi wa halmashauri naye si msajili. DAS mwenyewe hutamwona akijaza fomu, maana ana wilaya nzima ya kuendesha. Utakayemkuta ni afisa au karani wa usajili, kwenye chumba chenye makabati ya chuma na madaftari makubwa yenye majalada magumu. Ila mamlaka ni ya DAS. Juu yake yuko Msajili Mkuu, na ofisi yake iko RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ulio chini ya Wizara ya Katiba na Sheria.

Sasa tazama mnyororo huu vizuri, kwa sababu ndio unaoeleza usumbufu karibu wote unaoupata. Msajili Mkuu yuko chini ya wizara moja. DAS ni mtu wa serikali kuu wilayani. Lakini wanaoliona tukio lenyewe, yaani muuguzi wa zahanati na Mtendaji wa Kijiji, ni waajiriwa wa halmashauri, na bosi wao ni Mkurugenzi. Msajili wa Wilaya akitaka taarifa za vizazi kutoka zahanati ya kata ya mbali, hana mshahara wala uhamisho wa kumtishia nao mtu. Anaomba. Nimeandika barua za kuomba za namna hiyo mpaka mkono ukazizoea.

Na mwenyekiti wa mtaa? Huyu kachaguliwa na wananchi, na kazi yake kwenye suala hili ni kumtambua mkazi. Barua yake inasema "namfahamu huyu, anaishi kwangu." Ni barua yenye faida, kuna mahali utaombwa, hasa kama umechelewa kusajili. Lakini mwenyekiti hasajili kizazi, na balozi wa nyumba kumi ndiyo kabisa. Mtu akikuambia "mwenyekiti keshanisajilia mtoto", muulize namba ya ingizo, yaani namba ya mtoto kwenye daftari la usajili, ni ngapi. Hatakuwa nayo.

Mtoto akizaliwa kituo cha afya, kituo ndicho kinachotoa tangazo la kizazi. Hiyo karatasi ndiyo mbegu ya cheti. Ndiyo inayosema tukio limetokea hapa, siku hii, mama ni huyu. Akizaliwa nyumbani au njiani kwenye bodaboda (hutokea, msicheke), tangazo linatoka kwa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata wa mahali alipozaliwa. Nasisitiza mahali alipozaliwa. Usajili unafuata tukio, haufuati makazi ya wazazi. Mama wa Kibaha aliyejifungulia Korogwe kwa mama yake, kizazi chake ni cha Korogwe. Siku hizi maombi yanaanzia kwenye mfumo wa mtandaoni wa RITA, kwa hiyo safari zimepungua, ila swali la kwanza la fomu ni lile lile: wapi?

Muda wa kawaida ni siku 90 kwa kizazi na siku 30 kwa kifo. Ukipitisha hapo bado utasajiliwa, ila unaingia kundi la waliochelewa, na kila unavyozidi kukaa ndivyo unavyodaiwa ushahidi zaidi.

Kwa watoto wa chini ya miaka mitano kuna ahueni kubwa ambayo watu wengi bado hawaijui. Mwaka 2013 ulianza mkoani Mbeya mpango wa kuwasajili watoto hao palepale kwenye vituo vya afya na ofisi za Watendaji wa Kata, kwa msaada wa UNICEF na wadau wengine, na baadaye ukasambaa mkoa kwa mkoa. Katika mpango huo muuguzi au Mtendaji wa Kata anageuka kuwa msajili msaidizi. Anajaza fomu, anaandika cheti kwa mkono, anakukabidhi siku hiyo hiyo bila malipo, kisha anatuma taarifa kwa simu ya mkononi kwenda kwenye mfumo. Kwa maoni yangu hii ndiyo hatua ya maana kuliko zote zilizofanyika katika kazi hii, na sababu si teknolojia. Ni kwamba msajili kapelekwa alipo mtoto. Mama alikuwa apande gari mpaka makao makuu ya wilaya akiwa na kichanga mgongoni. Sasa anapewa cheti siku ya chanjo.

Kasoro yake naijua pia. Cheti cha mkono kinategemea mwandiko. Nimeona "Mwanaidi" ikageuka "Mwanahidi", na baba mwenye majina matatu akaachiwa mawili. Kabla hujatoka mlangoni soma cheti herufi kwa herufi, kama ni lazima mwombe na mtu mwingine akusomee. Kosa likigunduliwa pale mezani ni jambo la dakika tano. Likigunduliwa mtoto anapoomba mkopo wa elimu ya juu, wakati Bodi ya Mikopo inataka cheti kilichohakikiwa na RITA na dirisha linakaribia kufungwa, hapo ndipo utakapojua maana ya foleni.

Vifo ndivyo vinavyonisumbua moyo zaidi. Kizazi kina mama anayekifuatilia. Kifo kina ndugu waliochoka, waliozika, waliogawana nauli wakaondoka.

Mama mmoja wa makamo alikuja dawatini akiwa bado na kanga ya msiba. Alifungua leso, ndani kuna karatasi imekunjwa mara nne.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Benki wamenirudisha. Wanataka cheti cha kifo, na mimi nimewapa, wamekikataa."

Nikaifungua. Kibali cha mazishi.

"Mama, hiki ni kibali tu. Kilikuruhusu kuzika. Cheti bado."

"Mhuri si huu hapa?"

Mhuri ulikuwepo, na wala hakudanganywa na mtu. Ila hakuna aliyemwambia kuna hatua ya pili. Mtu akifia hospitali, hospitali ndiyo inayotoa taarifa ya kifo na kibali cha mazishi. Akifia nyumbani, unakwenda kwa Mtendaji wa Kijiji, wa Mtaa au wa Kata. Kifo kikiwa cha ajali au cha kutatanisha, polisi wanaingia kwanza, na huwezi kuwaruka. Lakini zote hizo ni taarifa. Usajili wenyewe na cheti cha kifo unavifuata kwa Msajili wa Wilaya ya mahali kifo kilipotokea. Bila cheti, mirathi itakwama mahakamani, mafao ya mfuko wa jamii yatakwama, na akaunti ya marehemu itabaki imefungwa. Familia nyingi hazina akaunti wala mafao ya kufuatilia, kwa hiyo kibali kinawekwa kwenye kabati na habari inaishia hapo. Kwenye daftari la serikali mtu huyo bado hajafa. Nilikuwa nawaambia watendaji wetu: mfiwa akija kuchukua kibali, mwandikie nyuma yake kwa kalamu, "peleka wilayani ndani ya siku 30". Wachache walifanya.

Zanzibar, kama nilivyosema, ni habari nyingine. Huko kuna Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, ulioundwa kwa Sheria Namba 3 ya 2018, na sheha, yaani kiongozi wa serikali katika shehia, ana nafasi ambayo mwenyekiti wa mtaa wa Bara hana. Aliyezaliwa Unguja au Pemba asije RITA kuomba cheti cha kuzaliwa, hata kama amekulia Temeke. Ndugu zetu wa Kenya nao wanaanzia kwa naibu wa chifu kwa kizazi au kifo cha nyumbani, kazi inayofanana sana na ya mtendaji wetu.

Nirudi kwa Mtendaji, maana ndiye ninayemtetea siku zote. Anakusanya michango, anasuluhisha ugomvi wa mipaka ya mashamba, anaitisha mikutano, anapokea wageni wa wilaya, na juu ya yote hayo tunataka akumbuke nani kajifungua wapi. Fomu zikimwishia anangoja. Huku anangoja, watoto wanakua.

Kuna mwanamume wa miaka thelathini na kitu aliwahi kuletwa kwangu, hana tangazo, hana kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo kimeungua na nyumba. Usajili wa mtu mzima namna hiyo ni mgumu; anahojiwa wilayani, anatakiwa kuleta vielelezo, na ombi lake linapelekwa ngazi ya juu kuamuliwa. Kielelezo alichokuwa nacho kilikuwa kimoja tu cha shule ya msingi. Tukamtuma kijijini kwao bila matumaini mengi. Akarudi baada ya wiki na daftari la kaunta, jalada limeliwa na mchwa pembeni. Mtendaji wa zamani wa kijiji, ambaye alikuwa keshafariki, alikuwa na mazoea yake mwenyewe ya kuandika kila mtoto aliyezaliwa kijijini: siku, jina la mama, jina la baba, na jina la mkunga wa jadi aliyezalisha. Hakuna aliyemwagiza. Ukurasa wa 14, mstari wa tatu kutoka chini, jina la mama yake lilikuwepo, na mbele yake kwa wino wa bluu: "mtoto wa kiume, alfajiri, mvua kubwa."