Mwaka wa kuhesabu ng'ombe

Kazi yangu ni kusoma mifupa ya wanyama inayofukuliwa kwenye makazi ya kale. Nikitoa mada kuhusu Misri, watu huuliza ngano, shayiri na mafuriko ya Nile. Mimi huanzia zizini.

Zaidi ya miaka 7,000 iliyopita, Sahara ilipokuwa na nyasi, wafugaji wa Nabta Playa, magharibi ya Abu Simbel kusini mwa Misri, walizika mwili wote wa ng'ombe na kuurundikia mawe. Mvua zilipokatika, wafugaji waliswaga mifugo kuelekea mtoni.

Dola ilipozaliwa huko, takriban mwaka 3100 KK, ilijitangaza kwa mifugo. Rungu la mfalme Narmer limechongwa hesabu: ng'ombe 400,000, mbuzi 1,422,000. Siamini kwamba kuna aliyewahesabu kweli. Ni majigambo, lakini mtu hujigamba kwa kinachoheshimiwa kwao.

Majigambo hayo baadaye yakawa utawala. Nafaka ikishaingia ghalani, mtoza kodi ataikuta. Ng'ombe ana miguu. Usiku mmoja tu kundi limeshahamia bonde la pili. Kwa hiyo ilibidi serikali itoke, ipite vijijini na makarani wake, ihesabu, na kwa kawaida irudi baada ya miaka miwili. Kwa maoni yangu, safari hizo ziliijenga dola kuliko vita vyote vya Narmer. Hata miaka ya mfalme ilitajwa kwa hesabu hiyo. Mwaka 2013, huko Wadi al-Jarf kwenye Bahari ya Shamu, timu ya mwanaakiolojia Pierre Tallet ilipata karatasi za mafunjo zenye kumbukumbu za Merer, msimamizi wa mabaharia waliosafirisha mawe ya chokaa kutoka machimbo ya Tura hadi Giza, kwa piramidi ya mfalme Khufu. Tarehe yake? Mwaka unaofuata hesabu ya 13 ya ng'ombe. Piramidi yenyewe inapimwa umri kwa kalenda ya mifugo!

Kusini zaidi, Kerma nchini Sudan, karibu mwaka 2000 KK, kaburi moja lilipangiwa mafuvu ya ng'ombe zaidi ya 4,000, pembe zikiwa bado juu yake. Louis Chaix, aliyeyachunguza, alikuta ya fahali, majike na ndama. Baadhi ya pembe zilikuwa zimepindishwa makusudi mnyama angali hai, kama wafugaji wa Kidinka na Kiturkana wanavyozipinda za madume wao wapendwa hadi leo.