Mahabusu Hajafungwa

Juma lililopita mama mmoja aliingia ofisini kwangu akiwa na mfuko wa nailoni wenye karatasi zilizokunjwa mara nne, akaniambia kwamba mwanawe amefungwa tangu mwezi wa kumi na kwamba jina lake halikutoka kwenye msamaha wa Rais wa Sikukuu ya Muungano. Alikuwa ameusubiri msamaha huo kwa zaidi ya miezi sita, na mtu mmoja wa mtaani kwake alikuwa amemchukulia shilingi 200,000 kwa ahadi ya kulipeleka jina hilo kunakohusika. Nilipozikunjua zile karatasi nikakuta nakala ya hati ya mashtaka ya wizi, na nyuma yake, kwa mwandiko wa kalamu ya bluu, tarehe za kutajwa kwa kesi zikiwa zimefuatana kama mahudhurio ya shule. Mwanawe hakuwa amefungwa. Alikuwa mahabusu, na dhamana yake ilikuwa wazi tangu siku aliyosomewa shtaka.

Nimeifanya kazi ya uwakili wa jinai hapa Dar es Salaam kwa muda wa kutosha kujua kwamba mama huyu si wa kwanza, na ndiyo maana safari hii nimeamua kuandika badala ya kueleza tena mdomoni. Familia inasikia kwamba ndugu yao amepelekwa gereza la Segerea au Keko, na kuanzia jioni hiyo neno linalotumika nyumbani ni "amefungwa". Najua lugha yenyewe inatutega, kwa sababu mlango wa selo umefungwa kweli na kufuli limening'inia. Lakini neno hilo likishakaa nyumbani, watu huanza kufanya mambo ya mtu aliyefungwa: wanagawa vyombo vyake, wanarudisha chumba kwa mwenye nyumba, mke anarudi kwao, na hakuna anayehesabu tena tarehe za mahakamani kwa kuwa wote wanaamini kwamba jambo limekwisha.

Mfungwa ametiwa hatiani na kupewa adhabu. Mahabusu kesi yake haijaamuliwa, na Katiba yetu ya mwaka 1977, katika Ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla hatia yake haijathibitishwa. Hata mavazi yanawatofautisha, kwani mfungwa huvaa sare ya rangi ya chungwa na mahabusu huvaa nguo zake mwenyewe. Na hapo ndipo penye jibu la msamaha: Ibara ya 45 inampa Rais uwezo wa kumsamehe mtu aliyepatikana na hatia mbele ya mahakama. Mwana wa mama huyu hakuwa amepatikana na hatia yoyote, kwa hiyo hakukuwa na kitu cha kusamehewa, wala hakukuwa na orodha ambayo jina lake lingeweza kupelekwa, awe amelipiwa au hajalipiwa. Sheria ya kupunguziwa theluthi ya kifungo nayo haimgusi, kwa kuwa hana kifungo cha kupunguzwa.

Sasa nije kwenye dhamana, ambako ndiko hasa roho yangu huumia. Siku ya kwanza hakimu alitamka sharti ambalo yeyote aliyewahi kukaa mahakamani amelisikia: wadhamini wawili wa kuaminika, wenye barua za serikali ya mtaa na vitambulisho vya Taifa, kila mmoja asaini bondi ya shilingi milioni tatu. Mama alisikia milioni tatu mara mbili, akajumlisha sita, akatoka nje analia, kwa sababu kiwanja chake cha Chanika hakifiki bei hiyo. Hakuna aliyemfuata kwenye korido kumwambia kwamba siku hiyo hakutakiwa kutoa hata shilingi moja.

Bondi ya namna hiyo ni ahadi ya maandishi. Mdhamini anaahidi mbele ya mahakama kwamba mshtakiwa atafika kila tarehe atakayopangiwa, na kwamba asipofika, na mdhamini akashindwa kumleta au kutoa sababu inayoingia akilini, basi mahakama inaweza kumdai yeye kiasi kile kilichoandikwa. Mshtakiwa akihudhuria hadi mwisho, awe ameshinda au ameshindwa, ile milioni tatu inabaki kuwa maandishi na mdhamini anakwenda zake. Mdhamini akianza kuona dalili kwamba kijana anataka kutoroka, anaruhusiwa kurudi mahakamani na kuomba ajitoe. Kwa hiyo mnachotafuta ni mtu mwenye anwani inayojulikana, mwenye shughuli inayoonekana, na mwenye ushawishi wa kutosha kwa kijana kiasi kwamba akimwambia "kesho saa mbili asubuhi" kijana anaamka. Tajiri hahitajiki hapo. Nimewaona mafundi cherehani na wauza samaki wakikubaliwa na mahakimu bila shida, na nimewaona wajomba wenye magari wakikataliwa kwa kuwa walikuja bila barua ya mtaa.

Yapo masharti mazito zaidi, na nisingependa mtu aje kuniambia kwamba nilimdanganya. Hakimu anaweza kudai kwamba mdhamini mmoja awe mtumishi wa umma, au iwekwe hati ya mali isiyohamishika. Katika mashtaka yanayohusu fedha au mali ya thamani kubwa, sheria inaweza kudai nusu ya thamani iwekwe taslimu au kwa mali yenye thamani hiyo, na hapo kweli kuna mzigo. Masharti yakizidi uwezo, njia si kukaa kimya, kwani mnaweza kuiomba mahakama ileile iyalegeze, na ikikataa mnaweza kwenda Mahakama Kuu. Pale mnapotakiwa kuweka fedha, zinawekwa kwa utaratibu wa mahakama na kwa stakabadhi. Yeyote anayeipokea pesa ya dhamana mkononi, nje ya jengo, chini ya mwembe, anaipokea kwa ajili ya tumbo lake.

Kuna makosa yasiyo na dhamana kabisa, kama vile mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha na utakatishaji wa fedha. Mei 2020 Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu cha sheria kinachonyima dhamana hiyo kuwa kinyume cha Katiba, lakini Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi huo. Bado naletewa ile habari ya Mei kwenye simu kana kwamba imetoka jana. Kwa familia zenye kesi za mauaji huwa nasema ukweli mapema: hakimu atawaambia kwamba mshtakiwa hatakiwi kujibu chochote kwa kuwa mahakama yake haina mamlaka, na safari hadi kikao cha Mahakama Kuu inaweza kuwa ya miaka. Kumtunza ndugu kwa miaka kunataka zamu, mmoja akichoka mwingine ashike, na zamu hizo zipangwe mapema kama zinavyopangwa za mgonjwa.

Kutajwa nako kunachosha watu. Wanakuja, wanakaa kwenye benchi tangu saa mbili, kesi yao inaitwa, mwendesha mashtaka anasema upelelezi haujakamilika, inapangwa tarehe nyingine baada ya siku 14, na wanaondoka wakisema kwamba kesi imepigwa kalenda tu. Ni kweli imepigwa kalenda. Hata hivyo njooni, kwa sababu siku ya kutajwa ndiyo siku ambayo mshtakiwa yupo mbele ya hakimu mwenye uwezo wa kuwapokea wadhamini wake, na pia ndiyo siku ambayo yeye, akiwa kizimbani, anageuza shingo kutazama nyuma kama kuna sura anayoijua.

Kuhusu maisha ya ndani sitasema mengi, kwa kuwa siku za kuonana na vitu vinavyoruhusiwa vinatofautiana kati ya gereza moja na jingine, na ni bora kuuliza langoni kabla ya kupika. Siku huisha mapema huko. Watu huhesabiwa na kuingizwa selo jua likiwa bado juu, na kuanzia hapo usiku ni mrefu. Kwa hiyo sabuni, mswaki, dawa ya meno, kandambili na nguo za ndani vina thamani kuliko mnavyodhani, maana asiyeletewa chochote huishia kuomba, na anayeomba huanza kudaiwa. Nilisimama na mama yule langoni wakati askari alipoikata sabuni yake ya mche vipande vinne kwa kisu na kukikagua kila kipande, na nikaona uso wake ukiwiva kwa fedheha. Nilimweleza kwamba wanatafuta kilichofichwa ndani na kwamba kila mche hukatwa hivyo.

Dakika za kuonana ni chache, na yeye alizitumia karibu zote kumweleza mwanawe habari za marejesho ya kikoba. Sikumkatiza, ingawa nilitaka. Mwambie mtu wako tarehe yake inayofuata, mwambie nani anakuja kumdhamini, muulize kama anaumwa na kama dawa zake zinamfikia. Mambo ya kesi yenyewe, nani alikuwa wapi na nani alishika nini, yaacheni kwa wakili, kwa sababu chumba kile kina masikio mengi.

Lipo jambo moja ambalo sijalipatia jibu la kuniridhisha. Miaka kadhaa iliyopita kijana aliyekosa mdhamini kabisa aliniuliza kama akiri kosa ambalo alisisitiza kwamba hakulitenda, kwa kuwa kwa kosa kama lile wengi waliokiri walipewa faini au kifungo kifupi. Nilimwambia asikiri. Alikaa mahabusu mwaka mmoja na miezi miwili, kisha upande wa mashtaka ukaiondoa kesi. Alitoka bila doa la hatia, na alitoka bila kibanda chake cha kuchomelea wala mchumba aliyekuwa naye. Kisheria ushauri wangu ulikuwa sahihi na bado siwezi kumshauri mtu akiri asichokitenda, ila ninapokutana na kijana huyo barabarani huwa mimi ndiye ninayeanza kutazama chini.

Mama yule alipata wadhamini wawili katika siku tatu, mmoja shemeji yake na mwingine jirani anayeuza mkaa. Tarehe iliyofuata ilikuwa Alhamisi. Niliwaagiza wafike saa mbili asubuhi wakiwa na barua zilizogongwa muhuri, lakini shemeji alipitia kwanza kwenye shughuli zake na akafika saa nane na nusu, wakati karandinga lilikwisha kuondoka na mahabusu wote. Wadhamini wakisaini kijana akiwa bado mahakamani, anaondoka nao mlango uleule. Wakichelewa, hata wakipokelewa, lazima hati ya kumwachia iandikwe, isainiwe na ipelekwe gerezani, na mara nyingi siku hiyo inakuwa imekwisha. Alitoka Ijumaa jioni, na kwa kuwa tulikuwa tumeonywa na ucheleweshaji wa jana, mama alikuwa langoni tangu adhuhuri na nauli ya watu wawili imefungwa kwenye pindo la khanga.