Klorini iliyobaki ni nini, na kwa nini hupimwa kwenye bomba la mwisho

Klorini iliyobaki ni kiasi cha klorini huru (isiyojifunga na kitu kingine) ambacho bado kimo majini, chenye nguvu ya kuua vijidudu, baada ya dawa kumaliza kazi yake ya kwanza. Ukiitia klorini kwenye tenki, sehemu yake huliwa papo hapo: na chuma, manganizi, amonia, masalia ya majani na udongo, pamoja na vijidudu vyenyewe. Kiasi hicho kinacholiwa ndicho huitwa mahitaji ya klorini. Chukua dozi, toa mahitaji, kinachosalia ndicho tunachokizungumzia hapa. Kwa hiyo vijiji viwili vinaweza kuweka dozi ileile kwenye matenki yanayolingana, kimoja kikawa na kinga na kingine kisiwe nayo, kwa sababu maji yao si sawa.

Shirika la Afya Duniani linataka maji yakae na klorini kwa angalau dakika 30, pH (kipimo cha uasidi wa maji) ikiwa chini ya 8, na baada ya hapo yawe na klorini huru isiyopungua miligramu 0.5 kwa lita. Maji yakifika kwa mchotaji, isipungue 0.2. Kikomo cha juu kwa afya ni 5, lakini watu huanza kulalamikia harufu mapema kuliko hapo. Malalamiko hayo yachukuliwe kwa uzito: mama anayeyakataa maji ya bomba kwa harufu atarudi kwenye kisima cha wazi, na hapo dawa yote itakuwa kazi bure.

Kwa Tanzania, miradi ya vijijini huendeshwa na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, CBWSO, chini ya usimamizi wa RUWASA (Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini), kwa mujibu wa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019. Ubora hupimwa kwa kiwango cha taifa cha TZS 789, ambacho hakiruhusu bakteria wa E. coli (dalili ya kinyesi majini) hata mmoja katika mililita 100 za maji ya kunywa. Cheti cha maabara ni cha lazima na kina thamani yake, ila kinaeleza maji ya siku ile sampuli ilipochotwa tu. Mvua ikinyesha wiki inayofuata na bomba likapasuka mtoni, cheti hakitasema lolote. Klorini iliyobaki hupimwa kwa dakika chache, kila siku, na fundi wa mradi mwenyewe. Ndiyo maana tunaihesabu kuwa kipimo muhimu kuliko vyote katika mradi mdogo unaotibu maji kwa klorini.

Dozi haikisiwi. Tengeneza mchanganyiko wa asilimia 1: gramu 15 hivi za unga wa HTH (klorini ya unga, yaani hipokloraiti ya kalsiamu) wenye nguvu ya asilimia 65 katika lita moja ya maji safi. Unga ndio hutiwa kwenye maji. Kumwagia maji juu ya unga ni hatari. Jaza ndoo nne za lita 20 kwa maji ya chanzo, kisha weka mililita 1, 2, 3 na 4. Hizo ni dozi za miligramu 0.5, 1, 1.5 na 2 kwa lita. Koroga, funika, subiri dakika 30, halafu pima klorini huru katika kila ndoo. Ile iliyobaki na 0.5 au karibu na hapo ndiyo ya kuanzia. Tuseme ni ndoo ya mililita 2. Tenki la lita 50,000 ni sawa na ndoo 2,500, kwa hiyo linahitaji lita 5 za mchanganyiko huo, au gramu 77 za unga. Rudia jaribio masika yakianza, maana tope likiongezeka mahitaji nayo hupanda. Rudia pia kila unapofungua ndoo mpya ya HTH, kwani unga hupoteza nguvu kwa joto na unyevu. Stoo yake iwe kavu, yenye hewa, mbali na dizeli na mafuta ya jenereta.

Kupima kwenyewe kuna mitego. DPD ni kemikali inayogeuza maji kuwa ya waridi klorini ikiwamo: kidonge namba 1 hupima klorini huru, namba 3 hutumika kwa klorini yote. Kidonge cha DPD namba 1 kikishikwa kwa vidole, au chupa ikiwa na masalia ya kipimo cha DPD namba 3, utapata namba ya uongo. Klorini ikizidi sana huunguza rangi ya waridi, na maji hubaki meupe kana kwamba hayana dawa kabisa. Wengi huongeza dozi hapo, nao wanazidisha kosa. Ukiona rangi imetokea ikapotea ghafla, punguza sampuli kwa maji yasiyo na klorini, pima tena, kisha zidisha jibu kwa kadiri ulivyopunguza.

Sasa, kwa nini bomba la mwisho? Klorini huendelea kupungua njiani. Kila saa maji yanapokaa kwenye bomba, na kila utando wa bakteria uliogandamana ndani yake, unakula kidogo. Kituo cha karibu na tenki kikisoma 0.6 huku cha mwisho kikisoma 0.1, aliye mwisho wa laini anakunywa maji yasiyo na kinga. Mahali inaposhukia nako kunaeleza mengi. Ikipungua polepole laini nzima, dozi ni ndogo au maji yanakaa mno. Ikianguka ghafla kwenye tawi moja, tafuta mpasuko au bomba lililounganishwa kiharamu kwenye tawi hilo. Ikiwa nzuri mchana na sifuri alfajiri, fikiria mgao: bomba likikauka huvuta maji machafu kutoka nje kupitia nyufa, na mchotaji wa kwanza ndiye huyapata.

Namba nzuri haijibu kila kitu. Klorini haiondoi floraidi, tatizo kubwa la Arusha na Manyara, na maji hayo mara nyingi huwa na pH ya juu inayodhoofisha dawa: kwenye pH 7.5 karibu nusu tu ya klorini huru iko katika hali yake kali. Maji yenye tope zaidi ya NTU 5 (NTU ni kipimo cha ukungu wa maji) huwaficha vijidudu, hivyo yachujwe kwanza. Na kimelea cha Cryptosporidium hustahimili dozi za kawaida.

Ukipata sifuri kwenye kituo cha mwisho, pima tena kwa kidonge kipya, kisha pima kwenye tenki. Tenki nalo likiwa sifuri, angalia kitia dawa, kwani mashapo ya HTH huziba mrija wake mara kwa mara. Watangazie wachotaji wachemshe maji, na uchukue sampuli ya E. coli katika chupa ya maabara iliyosafishwa na kuwekewa thiosalfeti, ili klorini yoyote iliyomo isiendelee kuua bakteria njiani. Iweke kwenye baridi, ifike maabara ndani ya saa 24. Andika daftarini tarehe, saa, kituo, namba uliyosoma na hatua uliyochukua, hata kama namba inaaibisha mradi.