Jengo lililofichwa: pima zege kabla ya kulivua

Majengo mengi ya usanifu wa miaka ya 1950 na 1960 bado yapo, yamefunikwa tu. Vibao vya alumini vilipigwa mbele ya zege, jipsamu ikaficha dari, zulia likagandishwa juu ya terazo (sakafu ya saruji na vipande vya mawe iliyong'arishwa). Mimi huanza kushuku ninapolinganisha michoro ya zamani na unene wa ukuta uliopo: ukuta ulionenepa bila sababu una kitu nyuma yake.

Mwenye jengo akishaona kipande cha mapezi ya zege ya kukinga jua, hutaka vibao vyote viondolewe kesho. Hapo ndipo mimi huwa mkaidi.

Zege jipya lina alikali kali, pH (kipimo cha asidi na alikali) ya 12 hadi 13, na hiyo ndiyo inayozikinga nondo zisishike kutu. Miaka inavyokwenda, hewa ukaa hupenya kutoka nje na kuipunguza. pH ikishuka chini ya 9 hivi, nondo hazina kinga tena. Wengi hudhani vibao vimelisaidia zege kwa kuzuia mvua. Nusu yake ni kweli. Vitundu vya zege vikijaa maji, hewa ukaa hupita kwa shida. Vikikauka, huingia vizuri tu. Kwa hiyo zege lililokaa kavu miaka mingi laweza kuwa limeshapoteza kinga hadi kwenye nondo, ila kutu haijaanza kwa kukosa unyevu. Ondoa vibao, mvua inyeshe, uone. Kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, basi zege hupasuka na kumeguka.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Meng'enya kipande kidogo, pulizia fenoftalini, dawa ya kupimia alikali, palepale: penye alikali pataiva rangi ya waridi, palipochoka patabaki kijivu. Pima kina cha hicho kijivu, ulinganishe na kina cha nondo. Naanza na mapezi, maana wasanifu wa enzi ile waliyapenda membamba na nondo zimo karibu na uso. (Vigae vya plastiki vya sakafuni na gundi yake vitangulie maabara kuchunguzwa asibesto. Hilo halina mjadala.)

Muulize pia mwenye jengo kwa nini lilifunikwa. Mara nyingi ni joto, au fremu za chuma zilizokuwa zikivuja, na kioo cha safu moja hakijapona kwa kufichwa. Hilo liingie kwenye bajeti mapema.

Viraka vya kuziba zege lililomeguka ndivyo hunichukulia muda zaidi. Mchanga na kokoto vifanane na vya awali, alama za mbao za fomu, yaani kalibu lililomwagiwa zege, zirudiwe. Sampuli nazianika nje zipigwe jua na mvua kabla ya kuchagua, kwa sababu kiraka kibichi hudanganya rangi.