Kompyuta inapolidunga yai: maswali kuhusu upasuaji wa seli

Upasuaji wa seli ni upasuaji gani huo?

Ni kuishughulikia seli moja chini ya hadubini kwa sindano ya kioo: kuitoboa, kuidunga au kutoa kilichomo ndani. Unaowagusa watu wengi zaidi ni ule wa kudunga mbegu moja ya kiume ndani ya yai, njia iliyotangazwa na watafiti wa Brussels mwaka 1992. Hutumika hasa pale mbegu zinapokuwa chache au dhaifu.

Si inafanywa kwa mikono miaka yote? Mashine ya nini?

Yai lina upana wa maikromita 100 hadi 120, takribani sehemu ya kumi ya milimita, na kichwa cha mbegu ni maikromita 5 hivi. Hata kwa vishikio maalumu vinavyopunguza mwendo wa mkono, kazi hii huchukua muda mrefu kujifunza, na mtu huchoka. Ndiyo maana watafiti wanajaribu kuiachia kompyuta iiongoze sindano.

Kompyuta inalionaje yai?

Hailioni. Inachopokea kutoka kwa kamera ni nukta nyingi, nyingine zenye mwanga, nyingine zenye giza. Programu husafisha picha, kisha hutafuta mahali mwanga unapobadilika ghafla, maana hapo ndipo penye ukingo. Halafu unafanyika kama uchaguzi: kila nukta ya ukingo inapigia kura mahali ambapo kitovu cha duara kinaweza kuwa, na penye kura nyingi ndipo kitovu cha yai kilipo.

Duara peke yake halitoshi. Pembeni mwa yai lililokomaa, chini ya ganda lake, kuna kijiseli kidogo, na kromosomu za yai, yaani nyuzi zinazobeba urithi, kwa kawaida huwa karibu nacho. Kwa hiyo yai huzungushwa mpaka kijiseli kikae juu au chini, ndipo sindano iingie kutoka ubavuni, mbali nazo. Programu isipokitambua kijiseli hicho, ulengaji hata uwe mzuri kiasi gani hausaidii kitu.

Na kina? Picha si ni bapa?

Swali zuri, na kwa maoni yangu hapa ndipo ugumu wote ulipo. Njia mojawapo ni kupima ukali wa picha hadubini ikipanda na kushuka: ncha ya sindano ikionekana kwa ukali kabisa, kimo chake kinajulikana. Nyingine ni ya ujanja zaidi. Sindano hushushwa taratibu kuelekea sakafu ya kisahani. Ikigusa, haiwezi kushuka tena, hivyo huteleza kando. Kamera ikiuona mtelezo huo, kompyuta inajua sakafu iko wapi.

Kuna watoto waliozaliwa hivi?

Ndiyo. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba wamezaliwa watoto baada ya mayai kudungwa kwa msaada wa roboti katika kliniki ya New York. Mhandisi aliielekeza sindano kwa kidhibiti cha michezo ya video (naam, kile cha watoto), kisha ikasonga yenyewe.

Itaniongezea nafasi ya kupata mimba?

Usinunue matumaini kwa sababu ya neno roboti. Umri wa mwanamke na ubora wa mayai vina uzito mkubwa zaidi, na sindano haivibadilishi. Inachoweza kuleta ni mayai kudungwa kwa namna moja kila mara. Ukiwa kliniki, uliza hivi: kati ya mayai mnayodunga hapa, mangapi hurutubishwa, na mangapi huharibika?